Safari ya Uongo: Jawabu kwa Mama wa Kona Baridi

 

Ndugu zetu wasomaji, darsa ya mwezi huu haikutoka kitabuni kama ilivyo desturi yetu. Imetoka katika swali aliloniuliza mama mmoja huko Kona Baridi, katika njia ya Magadi, baada ya kuipita Kiserian, mahali ambapo mtu akisimama ukingoni huliona Bonde la Ufa liko chini yake, na upepo humpiga mpaka mifupani. Huko, na katika miji ya Ngong, Kitengela na Kajiado, wako jamaa zetu waliotoka Mombasa, Malindi na Lamu kwa ajili ya kazi na biashara, na kila tukijaaliwa nafasi huwapandia tukasoma pamoja nao. Jumapili hiyo tulikuwa tumekwisha soma, na watu wamekwisha kunywa kahawa na kuagana, ndipo mama huyu akabaki nyuma mpaka ukumbi ukawa mtupu. Akaniambia: "Maalim, nikisema uongo kwa ajili ya kumtengeneza mwanangu, nitaandikiwa dhambi?"

Nikamuuliza: "Uongo gani, mama?"

Akanieleza. Anaye mtoto wa kiume wa miaka 21, msomi, mwenye adabu, aliyehifadhi juzuu kadhaa za Qur'ani na asiyeikosa Alfajiri. Baba yake ameona katika simu ya kijana maneno aliyomwandikia kijana mwenziwe, maneno yasiyoacha shaka kwamba moyo wake waelekea kwa wanaume. Baba akawashauri ndugu zake, na ndugu nao wakaulizauliza, mpaka wakaelezwa khabari za nyumba moja upande wa Kitengela, yenye ukuta mrefu na lango la chuma, wanamotiwa vijana wenye kuvuta na kujidunga. Wakaambiwa kwamba kwa malipo ya kila mwezi nyumba hiyo huwapokea pia vijana wa namna hii, wakasomewa, wakapigwa, wakanyimwa simu na kuonana na watu, mpaka wageuke. Shauri likapita. Mama atamwambia kijana kwamba bibi yake ni mgonjwa sana Mombasa, wataingia garini usiku, na gari haitakwenda Mombasa.

"Wamenichagua mimi niseme," akaniambia, "kwa sababu mimi ananiamini."

Ndugu zangu, nimesoma na kusomesha miaka mingi, na sikumbuki neno lililonikaa kifuani kama hilo. Maana jawabu lake limo ndani yake mwenyewe.

Lakini kwanza nilikate jambo moja, ili asije mtu akanitungia nisiyoyasema. Tendo la mwanamume kumwingilia mwanamume mwenziwe ni haramu katika sharia yetu, na wanavyuoni wa madhehebu yetu hawakukhitalifu juu ya uharamu wake. Sikuishika kalamu ili kukihalalisha kilichoharimishwa. Mama hakuniuliza kama tendo ni halali, wala hakuna aliyemwona mwanawe katika tendo lolote. Lililoonekana ni la moyoni. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale yanayopita katika nafsi zao maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Na Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii hatuna wa kumpita, katika kuisherehesha Sahihi Muslim amewaeleza wanaume wenye mwendo na sauti ya kike kuwa ni namna mbili: aliyeumbwa hivyo bila ya kujitakia, na mwenye kujifanya. Wa kwanza, asema Imam, hana lawama wala dhambi wala adhabu, kwa kuwa ana udhuru. Najua kwamba maneno hayo ni juu ya mwendo na sauti, si juu ya matamanio. Lakini mlango ambao wanavyuoni waliufungua zaidi ya miaka 700 iliyopita, wa kutafautisha baina ya anachojitakia mtu na asichojitakia, sisi tumeufunga na kupigilia misumari.

Sasa turudi kwenye uongo. Huenda mtu akasema: Maalim, uongo wa kutengeneza si umeruhusiwa? Naam, zimepokewa Hadithi zinazoruhusu neno lisilokuwa kweli katika mambo machache, na mojawapo ni kuwapatanisha watu waliogombana. Lakini uongo huo huunga. Mtu humwendea huyu akasema, "mwenzio akutaja kwa kheri," na humwendea yule akasema vivyo hivyo, mpaka mikono ikashikana. Uongo wa gari la usiku hukata. Hakuna pande mbili zinazopatanishwa hapo. Yuko mtoto mmoja anayekabidhiwa kwa watu asiowajua, na anayemkabidhi ndiye mtu wa mwisho aliyebaki kumwamini duniani.

Tena safari ya namna hii tumekwisha kuisoma, sote, tangu chuoni. Nduguze Yusuf walimwendea baba yao wakamwomba waende naye, akale na kucheza, na wakaahidi kumlinda. Wakamtia kisimani. Kisha wakarudi usiku wanalia, na kanzu wameipaka damu ya uongo. Sisi tunapoisoma sura hiyo humtazama Yusuf, alivyotoka kisimani na alivyotawala Misri. Mara chache tunaitazama nyumba aliyotoka. Nyumba ile ilikaa miaka mingi haina raha. Baba alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Ndugu wakaishi na siri wasiyoweza kuisema, na kila walilomwambia baba yao baada ya siku ile hakulipokea kwa moyo safi, hata walipokuwa wakisema kweli. Na wale walikuwa watoto wa Mtume! Basi itakuwaje nyumba ya mfanyakazi wa Kitengela?

Wala hila hii si ya Kona Baridi peke yake. Ndugu zetu Wasomali wana jina lake, huiita "dhaqan celis", yaani kurejeza mila. Familia zinazokaa Ulaya na Marekani zimewaleta watoto wao Somalia na Nairobi, khasa mtaa wa Eastleigh, wakiwaambia kwamba wanakwenda kuwazuru jamaa, kisha hati zao za safari zikachukuliwa na mlango ukafungwa. Na huko Nigeria, mwezi wa Septemba 2019, polisi waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Rigasa, mjini Kaduna, iliyojiita chuo cha Qur'ani, wakawatoa wanaume na wavulana zaidi ya 300, wengine wamo minyororoni, na kati yao watoto wa miaka mitano. Wengi walipelekwa humo na wazazi wao, kwa sababu ya ulevi, au utoro, au ukaidi wa aina yoyote. Polisi walieleza kwamba walipigwa na kushindishwa njaa, na wapo walioingiliwa kwa nguvu humo humo. Ewe baba unayetaka kumlipa mtu amwondolee mwanao jambo hili, jee, wajua nini hutendeka nyuma ya ukuta ule baada ya Isha?

Wala si wenye kuta peke yao. Mwaka 2021 waandishi wa tovuti ya openDemocracy waliingia kwa siri katika zahanati na vituo vya tiba vya Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta zaidi ya kumi vinavyotoa ahadi ya kuwageuza watu wa namna hii. Kwetu pwani hatukuhitaji zahanati. Tunao waganga wa pungwa, tunao wenye kuuza kombe la zafarani kwa bei ya mbuzi, na tunao wanaojiita wasomaji wa ruqya, wamkamatao kijana watu wanne na kumkaba koo mpaka "jini" aseme jina lake. Nimesikia hata mzazi aliyesomesha Halbadiri juu ya mtoto wake mwenyewe. Mwalimu wetu mkubwa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyafichua mambo ya bid'a na uganga tangu miaka ya 1930 katika gazeti lake la Al-Islah, na bado twaona mambo yale yale yamevishwa kilemba kipya.

Na ahadi hii ya kugeuza, jee, ni ya kweli? Wakristo wa Marekani wametutangulia katika kuijaribu, na wao walikuwa na fedha na waganga waliosoma. Chama chao kilichoitwa Exodus International kilianzishwa mwaka 1976 kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 mkuu wake, Alan Chambers, alikifunga na kuomba radhi kwa maumivu waliyowatia watu, na mwaka mmoja kabla alikuwa amekiri kwamba takriban wote aliokutana nao hawakugeuka. Tabibu mashuhuri wa maradhi ya akili, Robert Spitzer, aliandika mwaka 2003 kwamba baadhi ya watu hubadilika. Watu wa dini walishangilia. Mwaka 2012, naye mzee na mgonjwa, aliyarudi maneno yake na kuomba radhi. Sisi tunaosema kwamba tunapenda haki hata ikitoka kwa asiyekuwa mwenzetu, hatuna budi kuyasikiliza hayo.

Lakini lililonishtua zaidi ni uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2018 huko California, uliowauliza vijana 245 wa umri wa miaka 21 mpaka 25. Wale ambao wazazi wao hawakujaribu kuwageuza, 22 katika kila 100 walikuwa wamejaribu kujiua. Hilo peke yake ni kubwa la kutisha. Waliojaribiwa na wazazi nyumbani, walikuwa 48. Na wale ambao wazazi walijaribu, kisha wakawapeleka kwa waganga au viongozi wa dini, walikuwa 63. Mtu atasema, hao ni Wamarekani. Ni kweli. Lakini mtoto hakuumbiwa moyo mmoja huko na mwingine huku, na mimi ninayezika watu Mombasa najua kwamba si kila aliyeanguka kutoka juu ya nyumba ameteleza.

Sasa nifike mahali ambapo nilitamani nisifike. Mama alipokwisha kusema, aliniuliza pia kama si afadhali kijana aozwe upesi, maana ndivyo walivyoshauri wengine. Na hapo nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu shauri hilo mimi nimekwisha kulitoa.

Miaka mingi iliyopita baba mmoja alinijia kwa khabari kama hii. Nikamwambia lile neno ambalo hapana maalim wa pwani asiyewahi kulisema: "Muozesheni, ataacha." Akaposewa binti wa ami yake, mwenye miaka 19. Khutba ya nikaha niliisoma mimi. Nilikula pilau ya arusi ile na nikaomba dua ya kheri na baraka, na moyoni najua nilijualo.

Binti yule alikaa katika nyumba ile miaka mitatu hajui kosa lake. Alijipamba, akajifukiza udi, akadhani ana ila mwilini. Watu wakasema ana jini mahaba anayemchukiza kwa mumewe, na mama yake akauza bangili zake kwa mganga. Wakajaaliwa mtoto mmoja wa kike. Siku alipoambiwa ukweli, na mumewe mwenyewe, hakulia wala hakutukana. Aliuliza jambo moja tu: nani mwingine alikuwa anajua? Basi akatajiwa baba mkwe, na mama mkwe, na maalim aliyesoma khutba.

Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni alitia mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta majimaji ndani yake, na muuzaji ameweka juu iliyo kavu. Akamkanya kwa neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kiislamu analijua, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hiyo ilikuwa nafaka! Mimi nilimghushi mtoto wa watu umri wake. Ndugu wawili, baba wa kijana na baba wa binti, hawajapeana mkono tangu siku ya talaka, na mmoja wao sasa amekufa. Kijana yuko Ghuba, na nasikia haingii msikitini. Yule mtoto wa kike analelewa na bibi yake. Sikuwahi kumwomba radhi binti yule uso kwa uso mpaka mwaka juzi, na alinijibu, "Nimekusamehe, Maalim, lakini usimfanyie mwingine." Haya ninayoandika ni katika kuitimiza ahadi hiyo.

Na tusidhani jambo hili ni la wavulana tu. Binti naye huozwa kwa nguvu kwa sababu hiyo hiyo, tena kwake ni upesi zaidi. Bibi Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake naye hataki, akamwendea Mtume (S.A.W.), na Mtume akaivunja ndoa ile. Na Barira alipoachwa huru na akamkataa mumewe Mughith, Mughith alikuwa akimfuata njiani huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamwonea huruma, akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama ni amri. Mtume akasema hapana, yeye ni mwombezi tu. Basi Barira akakataa, na hakulaumiwa. Aliyetumwa na Mwenyezi Mungu hakuuamrisha moyo wa mtu umpende asiyempenda, nasi twataka kuuamrisha kwa mjeledi.

Simlaumu baba wa Kona Baridi kama mtu asiye na huruma. Nilikwenda kwake baada ya Magharibi, nikamkuta amekaa nje katika baridi ile, koti limefungwa mpaka shingoni. Khofu yake ilikuwa ni watu. Wengi wetu twakumbuka Februari 2010, Mtwapa, uvumi wa arusi ya wanaume wawili ulivyowatoa watu majumbani kwao kwenda kuwasaka na kuwapiga wenzao, na arusi yenyewe ilikuwa uvumi. Baba huyu alikuwa akiishi pwani wakati ule. Aliniambia kwamba amri ya kumpeleka kijana nyuma ya ukuta ilikuwa ni afadhali kwake kuliko siku moja kuletewa maiti mlangoni. Nikamwambia: Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametukataza kupelelezana, na Mtume ameahidi kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Sitara ya mtoto huanzia kwa baba. Nduguzo umekwisha kuwaambia, basi wafunge midomo wao, si wamfunge kijana. Tena nikamkumbusha Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, isiyomruhusu mtu yeyote, awe wa serikali au wa nyumbani, kumdhulumu mwenziwe kwa nguvu au kumfungia bila ya haki. Kijana wa miaka 21 si mbuzi wa kufungiwa zizini.

Akaniuliza: "Basi nimfanye nini?"

Nikamwambia afanye kama alivyofanya Nabii Nuhu. Mawimbi kama milima, na mtoto amekataa kupanda, na baba bado amwita kwa neno la upole, mwanangu mdogo, panda pamoja nasi. Hakumtumia mtu wa kumfunga kamba. Na Mtume wetu naye aliambiwa kwamba hawezi kumwongoa ampendaye, itakuwa mimi na wewe? Msalie pamoja naye. Kula naye. Muombee dua usiku, yeye asisikie. Akikuuliza hukumu ya dini, mwambie bila ya kuificha, na akikataa kuoa, msimuoze. Ukimwona halali, au hali, au ameanza kuagana na watu, mpeleke kwa tabibu wa kweli, asiyeahidi kumgeuza bali kumfanya aishi. Kazi ya baba ni mlango uwe wazi, na yaliyobaki baina ya kijana na Mola wake si ya kwako wala si yangu.

Hakunijibu. Aliniletea chai, na tukazungumza khabari za bei ya nyasi.

Mama nilimwambia neno fupi. Dhambi ya uongo ule itaandikwa, na zaidi ya kuandikwa, hautasahauliwa. Kama nia ilikwisha kufanywa, basi amwambie kijana mwenyewe, kabla hajaisikia kwa mwingine, kwamba ilikuwepo safari ya hila na kwamba imevunjwa.

Alinipigia simu baada ya majuma mawili. Alikwisha kumwambia. Kijana aliufunga mlango wa chumba chake kwa ndani siku tatu, chakula kikiwekwa nje na kurudishwa nusu. Siku ya nne alitoka, akakaa jikoni, na jambo la kwanza alilouliza ni kama bibi yake yu mzima kweli. Mama akampigia bibi simu Mombasa, na bibi alipopokea, akampa kijana simu aongee naye mwenyewe.